Aranmula: bonde la mpunga, kioo cha shaba na kiwanja cha ndege ambacho hakikujengwa

Gusa kioo cha nyumbani kwa ncha ya kidole. Kati ya kidole chako na kidole unachokiona mle ndani pana mwanya mdogo, kwa sababu kile kinachorudisha taswira kimepakwa upande wa nyuma. Kwenye kioo cha Aranmula, kijiji cha India, mwanya huo haupo. Vidole viwili vinakutana. Kiswahili kimetuzoesha kuita kioo vitu viwili, kile cha dirishani na kile cha kujitazamia, na Aranmula wanatengeneza kioo cha kujitazamia kisicho na kioo ndani yake. Ni madini matupu: shaba iliyochanganywa na bati, bati likiwa karibu theluthi moja ya mchanganyiko wote. Kikidondoka sakafuni kinavunjika vipande kama sahani.

Kalibu ya kukisubia hufinyangwa kwa udongo wa mabonde ya mpunga ya hapo hapo. Fundi huusaga na kuuchekecha mpaka ulainike kama unga, kisha huunda visahani viwili vilivyoachana kwa nafasi nyembamba. Vipande vya madini hufungiwa juu yake kwa udongo uleule. Kalibu huingia tanurini, na madini yakishayeyuka hupinduliwa ili yashuke taratibu kuijaza nafasi ile. Ikipoa huvunjwa, ndipo inapoanza kazi ya kusugua kwa mkono, siku baada ya siku, mpaka sura ionekane. Bati likizidi kidogo kioo kinapasuka, likipungua hakionyeshi kitu. Kipimo chenyewe kinajulikana na familia chache, ambazo masimulizi husema wazee wao waliletwa kutoka nchi ya Watamil kuja kutengeneza vyombo vya hekalu. Kioo hiki kilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza India kupewa ulinzi wa kisheria wa jina la mahali zinakotoka.

Nimeanza na udongo kwa makusudi. Kisa ninachotaka kukichambua ni cha kiwanja cha ndege kilichotaka kujengwa juu ya mabonde hayo, na kila mara kinaposimuliwa huelezwa kama ugomvi kati ya mila na maendeleo. Mimi naona maelezo hayo yamekosea mahali pa kuanzia. Mila za Aranmula zina mguu mmoja matopeni. Ukilifukia tope, hakuna haja ya kuja baadaye kuzipiga marufuku.

Kijiji chenyewe kiko wilaya ya Pathanamthitta, jimbo la Kerala, ukingoni mwa Mto Pampa. Mto huo una urefu wa kilomita 176 na ni wa tatu kwa urefu jimboni. Unatoka milima ya Ghats ya Magharibi, unapita chini ya hekalu la mlimani la Sabarimala ambako mahujaji humiminika kila mwaka, kisha unashuka taratibu hadi ziwa la Vembanad. Upepo wa kusi, uleule uliowasukuma mabaharia wa pwani yetu kuelekea Malabar, ndio unaoibebea Kerala mvua zake kubwa kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo mashamba ya chini, yanayoitwa puncha, hulala chini ya maji. Maji yakipungua hupandwa mpunga. Kwa hiyo bonde lina kazi mbili katika mwaka mmoja: kuna msimu wa kutoa wali, na kuna msimu wa kuyapokea maji ambayo yangekosa pa kwenda yangeingia majumbani. Mgeni akilitazama katika msimu huu wa pili huona dimbwi tu, ardhi isiyo na kazi. Macho ya namna hiyo ndiyo yaliyoleta mgogoro.

Juu ya ukingo limesimama hekalu la Parthasarathy, yaani Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mwendesha gari la vita la shujaa Arjuna. Wenyeji husimulia kwamba sanamu yake ililetwa kwa mto, juu ya chelezo cha mianzi sita, na jina la kijiji hufasiriwa hivyo: aru ni sita, mula ni mwanzi. Kila mwaka, siku ya nyota ya Uthrattathi katika mwezi wa Chingam wa kalenda ya Kerala, siku chache baada ya kilele cha sikukuu ya Onam, mashua za vitongoji vya kandokando ya mto hukusanyika mbele ya hekalu. Mashua hizo huitwa palliyodam, chombo kitakatifu, na ziko 52. Kila moja ni ya kitongoji kizima, hakuna tajiri mwenye yake. Ina urefu unaokaribia mita 30 au kuzidi, imeundwa kwa mbao za anjili, mti ulio ndugu wa mfenesi, na tezi yake imeinuka juu kama nyoka aliyekasirika. Watu wanaokaribia 100 hupanda humo bila viatu, mashuka meupe kiunoni, vilemba kichwani. Wengine hupiga makasia, wengine husimama katikati kuimba, na nyuma kabisa husimama wenye makasia marefu ya kuongozea.

Mtu akiziona picha hudhani ni mashindano. Kerala ina mashindano hasa ya mashua, na yale maarufu ya Alappuzha yalianza mwaka 1952 wakati Waziri Mkuu Nehru alipotembelea. Aranmula kuna vikombe na kuna kushindana kwa haiba ya uimbaji na upigaji kasia, lakini mzizi wake ni ulinzi wa msafara. Kisa chao husema hivi: Mbrahmani mmoja, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wa Kattoor, kijiji cha juu kidogo ya mto, alikuwa na nadhiri ya kumlisha mgeni kila siku ya Onam. Mwaka mmoja hakutokea mgeni. Alisali kwa uchungu, akaja kijana, akala akashiba. Baadaye Mbrahmani akaota kwamba yule kijana alikuwa mwenye hekalu la Aranmula, na kwamba tangu siku hiyo chakula kipelekwe huko. Basi kila mwaka chombo kilichopakiwa mchele na vikorombwezo vyote vya karamu hushuka mto usiku kwenda kufika hekaluni alfajiri ya Onam. Inasimuliwa kwamba mwaka fulani kilivamiwa njiani, na watu wa vitongoji wakatoka na mashua zao kukilinda. Hapo ndipo palipozaliwa palliyodam. Msafara huo, Thiruvonathoni, unaendelea hadi leo, ukiongozwa na mtu wa ukoo wa Mbrahmani yule, Bhattathiri, ingawa ukoo wenyewe ulishahamia mbali, Kumaranalloor karibu na Kottayam. Wanarudi kwa maji kuja kutimiza wajibu wa mahali ambapo hawaishi tena.

Kuna na karamu. Mtu mwenye nadhiri, aliyepata mtoto au anayeomba jambo, huwaalika watu wa palliyodam. Hupokewa gatini, huzunguka hekalu wakiimba, kisha huketi chini safu kwa safu mbele ya majani ya mgomba. Aina za vyakula hupita 60, na hesabu inayotajwa zaidi ni 64: wali, dengu na samli, mboga za nazi, achari, papadi, ndizi, na payasamu, yaani uji mtamu, za maziwa na za sukari guru. Lakini vingine haviletwi mpaka viombwe, na huombwa kwa shairi. Mwimbaji hutaja chakula ndani ya ubeti, na mwenyeji hana ruhusa ya kusema kimekwisha, kwa maana huaminiwa kwamba Krishna mwenyewe ameshuka pamoja na wapiga makasia. Sisi tuliokulia kwenye ngoma za kujibizana na mashairi ya kupokezana tunaweza kuhisi utamu wa jambo hili bila kuelezwa zaidi. Ushairi pale unashibisha tumbo, na mtu asiyezijua beti atarudi nyumbani bila kuonja baadhi ya vyakula.

Sasa kiwanja cha ndege.

Kabla haujawapo mradi wowote mkubwa, mfanyabiashara mmoja alikuwa amenunua mashamba ya puncha na kuanza kuyafukia, akiwaza njia ndogo ya kurukia ndege. Udongo wa vilima ulimwagwa bondeni na kijito cha Kozhithodu kikazibwa. Hatua hiyo ndogo ya mwanzo naiona kubwa kuliko zote zilizofuata. Shamba likishafukiwa linaingia kwenye hesabu za wapangaji kama ardhi kavu, na wanaokuja baadaye husema, kwa nini tulie juu ya mpunga ambao haupo? Hayo yaliendelea ilhali Kerala mwaka 2008 ilitunga sheria mahususi ya kuhifadhi mashamba ya mpunga na ardhi oevu.

Baadaye ardhi ikaingia mikononi mwa kampuni iitwayo KGS, na ndoto ikakua: kiwanja cha kimataifa, kwa gharama iliyotajwa kuwa rupia bilioni 20. Februari 2011 serikali ya jimbo, wakati huo ya mrengo wa kushoto, ilitangaza ekari 500 kuwa eneo la viwanda. Uchaguzi wa mwaka huohuo ukaleta serikali ya mrengo mwingine, nayo ikaukumbatia mradi hata kuamua kuchukua asilimia 10 ya hisa. Novemba 2013 serikali kuu ya Delhi ikatoa kibali cha mazingira.

Hoja za waliotaka kiwanja hazikuwa za kupuuza, na uchambuzi unaozificha hauna faida. Pathanamthitta ni wilaya ya wahamiaji. Nyumba baada ya nyumba ina mtu Dubai, Kuwait, Muscat au Marekani, na akina mama wazee hubaki peke yao wakisubiri likizo. Anayetua Kochi au Thiruvananthapuram ana saa kadhaa za barabara mbele yake kabla ya kumwona mama. Sabarimala nako kuna mahujaji kutoka India yote. Wanaosoma haya wakiwa Oman au Ghuba, na ndugu zao wako Tanga au Mombasa, wanaujua uzito wa hoja hiyo. Mtu aliyesema "nataka kiwanja karibu na kwetu" hakuwa adui wa kijiji chake.

Dhidi yao walisimama watu ambao kwa kawaida hawaketi jamvi moja. Katika siasa za Kerala chama cha Kikomunisti na makundi ya utaifa wa Kihindu wana uhasama wa kumwaga damu, lakini Aranmula walikaa upande mmoja, pamoja na watetezi wa mazingira na hata wanachama wa chama tawala waliokataa msimamo wa serikali yao. Mwanzoni mwa 2014 wakaanza mgomo wa kuketi uliodumu zaidi ya siku 100. Aliyekuwa sura ya harakati ni mshairi Sugathakumari, mzaliwa wa Aranmula, aliyekuwa tayari ameongoza mapambano ya kuokoa msitu wa Silent Valley miongo mitatu kabla. Inanigusa kwamba palliyodam ni chombo cha wanaume, wanawake hawapandi, lakini palipokuwa na hatari ya mto kukosa bonde lake, sauti iliyosikika mbali kuliko zote ilikuwa ya mwanamke. Jambo hilo halikuifuta ile kanuni ya mashua. Ila linamlazimu yeyote anayezisifu mila hizi azisifu akikumbuka ni nani anayebaki ukingoni.

Harakati ilizungumza lugha mbili kwa wakati mmoja. Moja ilikuwa ya hekalu: waliopinga walisema mlingoti wa bendera wa Parthasarathy ungekuwa kizuizi kwenye njia ya ndege, na kwamba ungelazimika kupunguzwa au kuwekewa taa ya onyo. Kwa muumini hakuna maneno ya kuongeza hapo. Lugha ya pili ilikuwa ya maji: bonde likifukiwa, mvua ya kusi itakwenda wapi?

Kesi ikapelekwa mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, tawi la Chennai, na tarehe 28 Mei 2014 kibali kikafutwa. Hapa ndipo wasimuliaji wengi hupita haraka, nami nataka kukaa. Mlingoti haukuwa kiini cha hukumu, wala mashua, wala kioo. Mahakama iliona kwamba mshauri aliyeandaa tathmini ya athari kwa mazingira hakuwa na ithibati ya kufanya kazi hiyo kwa miradi ya viwanja vya ndege. Iliona pia kwamba kikao cha kusikiliza wananchi hakikufanywa inavyotakiwa, na kwamba wataalamu wa serikali waliupitisha mradi bila kuyapima vya kutosha mapingamizi yaliyoletwa. Kampuni ilikata rufaa, na Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya India ikaikataa.

Kwa hiyo kiwanja kiliangushwa na karatasi. Wapo waliosikitika kwamba ushindi ulikuja kwa njia ya ithibati na taratibu badala ya mahakama kutamka waziwazi thamani ya urithi. Mimi sisikitiki. Mahakama haina mizani ya kupimia wimbo, lakini inaweza kuuliza: mlituma mtu anayejua kazi hii? Mliwasikiliza wenye mahali pao? Maswali hayo mawili yanamlinda hata mkulima asiye na hekalu maarufu, asiye na mshairi wa kumtetea. Hukumu iliyojengwa juu ya utakatifu wa Aranmula ingeisaidia Aranmula peke yake.

Ila karatasi hazijipeleki mahakamani. Lazima awepo mtu wa kuisoma tathmini ukurasa kwa ukurasa, wa kuchanga nauli ya kwenda Chennai, na wengine wa kuketi juani zaidi ya siku 100 bila kutawanyika. Vijiji vingi vyenye hoja nzuri kisheria hushindwa kwa sababu havina kitu kilichowazoeza watu kufanya kazi pamoja. Vitongoji vya Pampa vilikuwa nacho. Kwa vizazi walikuwa wakichangishana kununua mti wa anjili, wakigawana zamu za kuitunza mashua, wakijua ni nani anakaa kasia la ngapi. Wana hata chombo kinachoziunganisha palliyodam zote, Palliyodam Seva Sangham. Watu waliozoea kuvuta makasia kwa mdundo mmoja hawahitaji kufundishwa namna ya kuitisha mkutano. Mchango wa mila katika kesi hii nauona hapo zaidi ya kwenye mlingoti.

Yaliyofuata yana mchanganyiko wake. Mwaka 2016 mrengo wa kushoto ulirudi madarakani, na Oktoba Waziri Kiongozi Pinarayi Vijayan alikuja mwenyewe kutupa mbegu za mpunga kwenye puncha ya Aranmula. Mrengo huo ndio uliotangaza eneo la viwanda mwaka 2011, jambo ambalo halikutajwa sana siku ile ya sherehe. Hitaji la kiwanja nalo halikufa. Mwaka 2017 serikali iligeukia shamba kubwa la mpira la Cheruvally karibu na Erumeli, kwa ajili ya mahujaji wa Sabarimala. Ugomvi wa huko umekuwa wa umiliki wa ardhi.

Kisha ikaja Agosti 2018. Mvua zilizidi kipimo, milango ya mabwawa ya juu ikafunguliwa, na Pampa ikapanda usiku watu wakiwa wamelala. Aranmula, Ranni na Chengannur zilifunikwa. Kerala nzima ilipoteza watu zaidi ya 400. Karakana za vioo zilikuwa zimejaa mali iliyoandaliwa kwa ajili ya Onam, msimu wao mkubwa wa mauzo; vioo, kalibu, zana na udongo uliokwisha kuandaliwa vilikwenda na maji. Sitasema kwamba bonde lililobaki liliokoa kijiji, kwa kuwa mafuriko yale yalikuwa makubwa kuliko bonde lolote. Lakini kiwanja cha ndege cha Kochi, kilichojengwa karibu na Mto Periyar, kilifurika na kufungwa kuanzia tarehe 15 hadi 29 Agosti. Wakati watu wa Ghuba walipohitaji zaidi kufika nyumbani kuwatafuta wazazi wao, njia za ndege zilikuwa chini ya maji. Njia nyingine iliyowekwa juu ya puncha za Pampa ingekuwa katika hali gani wiki hizo, kila mtu anaweza kujijibu.

Kesi iliyoshinda haikugusa ugonjwa mmoja wa zamani wa mto wenyewe. Kwa miongo mingi mchanga wa Pampa umechimbwa na kupakiwa malori kwenda kujenga nyumba, nyingi zikiwa za fedha za Ghuba, na sakafu ya mto imeshuka. Mchanga huo ni uwanja wa watu. Kilomita chache juu ya Aranmula, kwenye mchanga wa mto ulipokauka, Wakristo wa Mar Thoma wamefanya mkutano wao mkuu wa Maramon kila mwaka tangu 1895. Mto ukikosa mchanga, visima vya kandokando hukauka mapema na ukingo hubomoka. Mvua zikikoma mapema, maji mbele ya hekalu huwa haba kiasi cha kuzitia palliyodam mashakani zisielee. Siku ya Uthrattathi katika miaka ya namna hiyo, maafisa huombwa wafungue maji kwenye bwawa la Maniyar, juu kule, ili saa ya nyimbo itakapofika mto uwe na kina cha kubeba mashua 52.